Ngozi ya Mama Yako

Chini ya ngazi za duka lile mtembezaji wetu alimgawia kila mtu kijitawi cha mnanaa, akatuambia tukishike puani. Alikuwa mzee mwembamba, kanzu yake ina kofia iliyoning'inia mgongoni, na Kiingereza chake kilikuwa cha kukariri, utani wote umeshasemwa mara elfu kwa watu wengine. "Huko juu mtamshukuru Mungu kwa kuumba mnanaa," alisema. Wazungu wakacheka. Mama Upendo, mwenzangu kutoka Kiomboi, akacheka kuwashinda, ingawa nina hakika nusu ya maneno yalimpita.

Tulikuwa Fez, Moroko, kwa semina ya wakamuaji wa mafuta ya kula. Singida tunajulikana kwa alizeti, na chama chetu kilipata nafasi mbili, yake na yangu. Siku ya mwisho waandaaji walitupa nusu siku ya kutembezwa mji mkongwe na kununua zawadi. Sasa niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kinyaa, nimezaliwa nacho, na mji ule ulikuwa kama umeandaliwa kunikomoa. Asubuhi tulionyeshwa kichwa cha ngamia kimetundikwa mbele ya bucha, macho yamefumba nusu, na mwenye bucha amekipamba kwa majani ya kotimiri. Mbele kidogo palikuwa na supu ya konokono. Mama Upendo alikunywa bakuli zima, akachokonoa konokono mmoja kwa pini na kunisogezea mdomoni. "Onja basi, wewe Mnyaturu! Kumbikumbi unakula, hawa wamekukosea nini?" Nikageukia ukuta. Hapo ndipo punda aliyebeba ngozi mbichi alipopita kwenye kichochoro chenye upana wa kitanda, na ngozi moja, bado ina damu na mafuta, ikanifuta mkono wote wa gauni.

Mtu mwenye akili angerudi hotelini. Mimi nilivumilia kwa sababu nilikuwa na shida yangu, na ilikuwa juu ya ngazi zile: nilikuwa natafuta ngozi. Sikutaka mkoba wala viatu, nilitaka ngozi ya ndama nzima, rangi ya kahawia iliyokolea, laini, isiyo na manyoya, ya kutosha kumfunika mtoto mchanga. Binti yangu Rehema yuko karibu kujifungua. Mama Mdogo, yaani mdogo wake marehemu mama yangu, ananipigia simu kila wiki kutoka Mungaa kunikumbusha jambo moja: "Ile ngozi uiandae. Siku ya kumtoa mtoto nje atabebwa nayo, hata hatua kumi tu, kisha mrudi kwenye mambo yenu ya kisasa." Nami kila wiki namjibu kwamba ipo, nimeitunza vizuri. Haipo, na aliyeiondoa ni mimi. Nilikuwa nimekuja Moroko kuununulia uongo wangu ngozi.

Juu kulikuwa na kibaraza kinachotazama mahali ngozi zinapotengenezwa. Mashimo ya duara, ya mawe, mengi yamebanana, mengine yana maji meupe yenye utando, mengine mekundu, mengine rangi ya ugoro, na wanaume wa kaptula wamesimama ndani yake hadi mapajani wakikanyaga. Mtembezaji akaeleza kwamba maji meupe yana chokaa na mavi ya njiwa, na kwamba mavi ya njiwa hulainisha ngozi kuliko dawa yoyote ya kiwandani. Mama mmoja wa Kizungu akasema "Uuu!" na kupiga picha. Mimi harufu ilipita katikati ya mnanaa ikanifikia. Ilikuwa na mkojo, na nyama iliyolala, na chini kabisa kitu chenye utamu uliochacha. Nilifungua mfuko wangu wa zawadi nikatapikia humo, juu ya shali niliyomnunulia Rehema. Wenzangu walidhani ni ugeni wa harufu. Haikuwa ngeni hata kidogo, niliijua tangu nina miaka saba.

Miaka hiyo nilikuwa nalelewa na baba Unyambwa, pembeni mwa mji wa Singida, kwenye nyumba ya bati na sakafu ya saruji, nikiogeshwa kila jioni kwa sabuni ya kunukia. Mama alifariki kabla sijajua kusema sawasawa. Nilichojua juu ya kifo chake kilitosha sentensi moja ya baba, naye hakuwa mtu wa maelezo: aliumwa tumbo, akapelekwa hospitali, akapasuliwa, akashonwa, hakuamka. Baba alipooa tena aliona ni busara nikakae kwanza na mama yake mama. Akanipakia kwenye lori la rafiki yake, mimi na sanduku langu la bati, akanionya nisiende kuonyesha kiburi kwa watu.

Kiburi sikuwa nacho. Nilikuwa na kinyaa, na kwa macho ya wakubwa hivyo viwili vinafanana sana. Tembe la Bibi lilikuwa la kiza, paa la udongo, ndama wawili wamefungwa chumba cha pili, na nikiwa kitandani niliwasikia wakikojoa. Sakafu ilisiribwa kwa mavi ya ng'ombe. Maziwa yalikaa kwenye vibuyu, na vibuyu vilisuuzwa kwa mkojo wa ng'ombe kabla ya kufukizwa moshi. Nilimwona Bibi kwa macho yangu akiukinga kwa kikombe. Wenzangu mliokulia kwenye tembe mtaniona mwenda wazimu, maana kwenu hiyo ndiyo harufu ya nyumbani. Mimi nilitembea kwa vidole, nikashika pumzi mpaka kichwa kikauma. Nzi walitua kwenye midomo yangu na nilikuwa nafuta midomo hadi ikachubuka.

Kibaya zaidi hatukuelewana. Kiswahili cha Bibi kilikuwa cha mnadani na cha kanisani. Aliweza kuuliza bei ya chumvi na aliweza kuungama, na katikati ya hayo mawili palikuwa na Kinyaturu kitupu, ambacho mimi sikukijua hata salamu. Mkalimani wetu alikuwa Mama Mdogo, wakati huo msichana wa miaka kumi na sita hivi, mwenye hasira za karibu na miguu ya kasi, lakini alishinda njiani akifuata maji. Kwa hiyo muda mwingi tulibaki wawili, Bibi na mimi, tukitazamana. Alikuwa ananiita mke mwenzangu, na kila alipotamka hivyo alicheka peke yake.

Siku ya nne nilishikwa na homa. Ilikuwa mchana, nimelala kwenye kitanda cha kamba, nalia na kumwita mama, ingawa hata sura yake sikuikumbuka. Bibi akaingia akainama juu yangu. "Unalia mama? Nyamaza, mke mwenzangu. Mama yako huyu hapa." Akanyoosha mkono kwenye kigingi cha ukutani, akatungua kitu kizito, akanitandikia mwili mzima hadi kidevuni. Akatafuta maneno, kisha akayasema polepole ili yaniingie. "Ngozi ya mama yako hii. Shika. Sasa yako."

Nilitazama. Ilikuwa ya kahawia, rangi yangu mimi, haina nywele hata moja, inang'aa mafuta. Juu ilikuwa na vipande viwili virefu vinavyoning'inia, chini viwili vingine. Mikono miwili, miguu miwili. Katikati ya tumbo palikuwa na mshono mrefu, uzi mgumu umepita huku na huku. Akapasuliwa, akashonwa. Nikaelewa kila kitu, na kwa jinsi nilivyoelewa sikuweza hata kupiga kelele. Nilikauka chini yake kama kuni, nikajikojolea, na jasho likanitoka jingi hata jioni homa ikashuka. Bibi hadi siku zake za mwisho aliamini kwamba ngozi ile ndiyo iliyoniponya.

Kila Jumamosi aliitoa nje akaitandika kwenye jiwe bapa lililokuwa uani. Aliipaka samli ya zamani, ile iliyochacha hata haifai kwa mboga, akaikanda mgongo, akavuta mkono mmoja, akavuta wa pili, huku akiongea nayo kwa Kinyaturu kwa sauti ndogo. Pindo lililokauka alilitia mdomoni akalitafuna kwa magego, taratibu, macho yakiwa kwa mbuzi. Bibi yangu alikuwa anamtafuna mama yangu. Akimaliza alifuta mikono kwenye kanga, akaingia ndani kusonga ugali wa uwele, na mimi nikitakiwa kula.

Nilikataa. Nilikataa ugali, mlenda, maziwa, hata kuku aliyechinjwa kwa ajili yangu, maana mikono ilikuwa ile ile. Niliishi kwa mbegu za alizeti nilizoiba kwenye gunia nyuma ya mlango, na leo nikisimama mbele ya watu kwenye semina kusifia alizeti huwa nacheka moyoni. Nilikonda mpaka majirani wakaanza kupita kuniangalia. Jioni moja Bibi akasema neno kwa Kinyaturu, akamwashiria Mama Mdogo anifikishie.

"Bibi anauliza," alisema Mama Mdogo, hataki kunitazama. "Anauliza, sisi kwako tunanuka?"

Nikasema ndiyo. Mama Mdogo hakutafsiri, wala haikuhitajika. Bibi aliinua sahani yangu ya ugali ambao sikuugusa, akaenda kumwagia kuku.

Ningeweza kuuliza mapema na yote yakaisha. Kwa kweli niliuliza. Nilimfuata Mama Mdogo kwenye mto mkavu ambako watu huchimba maji mchangani, na alipokuwa anachota kwa kata nikamuuliza mama alizikwa wapi.

"Nyuma ya zizi, pale kwenye minyaa. Hujapaona?"

"Alizikwa mzima?"

Nilimaanisha mzima wote, pamoja na ngozi yake. Kofi alilonipiga lilinitoa kandambili mguuni. "Nani kakwambia tulimzika dada yangu mzima?" alipiga kelele. "Baba yako, eti? Ndiyo maneno mnayoongea huko Unyambwa?" Akaketi kwenye mchanga akalia kwa kwikwi, maji yakamwagika, ikabidi tuanze kuchota upya. Sikuuliza tena.

Nisijipambe hapa. Ningependa kusema kwamba nilimhurumia mama, nikaona apumzike akiwa kamili. Hilo lilikuwamo, lakini kidogo. Kubwa lilikuwa kwamba nisingeweza kulala chumba kimoja na kile kitu hata wiki moja zaidi. Nilingoja mchana mmoja Bibi amekwenda kwenye jumuiya na Mama Mdogo yuko majini. Nikapanda juu ya kinu, nikaidondosha kutoka kwenye kigingi, nikaibana kwa vijiti viwili vya kuni nisiiguse, nikaiburuta hadi kwenye minyaa. Nilikuwa na jembe. Mliolima Mungaa mnaijua ardhi yake ya kiangazi. Nilipiga jembe likaruka, nikapiga tena, nikaambulia vumbi la kujaza kofia. Mbwa wa Bibi alikaa pembeni akijilamba midomo. Nikaogopa atamla. Shimo pekee nililolijua, lililokuwa tayari, lilikuwa la choo.

Choo kilikuwa cha magogo mawili juu ya shimo refu, na ukitulia ulisikia funza wakifanya kazi zao chini. Nilisali sala ya marehemu kwa vipande nilivyovikumbuka. Nikaisukuma. Mwili wote ukashuka, ila mkono mmoja ukanasa kwenye gogo na kubaki unaning'inia. Nikausukuma kwa mguu. Mlio uliotoka chini sitauandika.

Bibi alirudi, akaona kigingi kitupu. Kwanza alimpiga mbwa. Kisha akazunguka nyua za majirani. Mwisho akaja kwangu, akachuchumaa tukawa uso kwa uso.

"Ngozi wapi?"

"Nimemzika mama."

"Wapi?"

Nikanyoosha kidole.

Nilijiandaa kwa kipigo. Bibi alijifunga kanga kiunoni, akamwita Mama Mdogo, wakang'oa magogo. Akachukua fito ndefu yenye kulabu, ile ya kuangushia maganda ya migunga mbuzi wanapokosa malisho, akalala kifudifudi mdomoni mwa shimo, kichwa na mikono vimezama ndani, Mama Mdogo amemkalia miguu asitumbukie. Nilisimama mbali nimeziba pua kwa gauni. Alivua muda mrefu. Ilipotoka nilitapika mbegu zangu zote za alizeti, maana ilikuwa imevaa kila kilichokuwamo mle, na funza walikuwa wanajinyonganyonga juu yake. Bibi hakuziba pua. Aliipokea kwa mikono miwili akaikumbatia kifuani, jinsi mtu anavyompokea mtoto anayetolewa kwenye karai.

Aliiosha siku nne. Kwa mchanga, kwa majivu, kwa mkojo wa ng'ombe, kwa maji ambayo Mama Mdogo aliyafuata mara mbili kwa siku akinilaani njia nzima. Siku ya nne, akiwa amechoka hata kunipiga, Mama Mdogo aliniuliza kwa nini nilifanya vile. Nikamwambia ukweli: kwa sababu Bibi anamtafuna mama.

Alinikodolea macho. Nikaeleza mikono, miguu, mshono. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamtafsiria Bibi. Bibi hakucheka. Alikuja na ile ngozi inayochuruzika maji, akaanza kueleza kwa Kinyaturu, haraka haraka, Mama Mdogo akimfuata nyuma.

"Ni mbeleko. Ya ndama. Ina jina lake kwa Kinyaturu, kwa Kiswahili Bibi alikosa la kusema. Mama yako alibebewa hii. Mimi nikabebewa hii hii. Na wewe. Hii miguu ya ndama ndiyo kamba, hizi mbili zinapita begani, hizi kiunoni. Huu mshono, ndama alichomwa pembe. Na hapa..." Bibi alikuwa amenishika mkono, ananipeleka kidole mahali palipokuwa peusi kuliko kwingine, pana ukubwa wa kiganja. "Hapa ndipo shavu linapolala. La mama yako, langu, lako. Mafuta yetu haya."

Katika hadithi za kufundishia watoto, hapa ndipo ningeikumbatia. Nilikula, hilo ni kweli, sahani mbili za ugali jioni ile, kwa sababu mikono ya Bibi ilikuwa imesafika machoni pangu. Hata Kinyaturu nilianza kukishika. Lakini ngozi sikuigusa. Ilikuwa sasa na harufu mbili, ya samli na ya chooni, na ya pili haikutoka kamwe, hata kwa jua la miezi. Bibi alininyooshea mara moja, nikatikisa kichwa, akairudisha kwenye kigingi. Wakati mwingine nilimkuta amesimama pale, uso ameuzamisha kwenye ngozi, anavuta pumzi. Mwaka ulipoisha baba alinifuata, na Bibi akanisindikiza hadi barabarani akinichekea mke mwenzake.

Hilo la utotoni nimeshajisamehe. Nilikuwa mtoto, nilikosea neno. La pili ndilo linanifanya niandike haya. Rehema alipozaliwa Bibi alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, na Mama Mdogo alisafiri kutoka Mungaa na mfuko wa nailoni mapajani. "Kasema apewe mke mwenzake," aliniambia. Nilikuwa na nyumba mpya, ya vigae, Unyambwa ile ile. Nilipokea kwa heshima zote. Alipoondoka nilifungua mfuko, harufu zote mbili zikanipiga puani, nikaufunga haraka, nikaupeleka kwenye banda la kuku. Ulikaa huko wiki tatu. Asubuhi gari la taka lilipopiga honi mtaani kwetu nilitoka mwenyewe, sikumtuma mtu, nimeushika mfuko kwa vidole viwili. Nilijua ni nini. Nilijua shavu la nani liko pale. Nikautupa juu ya maganda na nepi, nikaingia ndani kunawa mikono kwa sabuni ya kunukia.

Basi nilipomaliza kutapika, mwenye duka wa Fez alinipa maji ninawe, akaniingiza kwenye chumba cha ngozi nzima nzima. Nilimwambia ninachotaka. Alileta ya ndama, kahawia, laini, akaiwashia kiberiti kwenye pindo kuonyesha kwamba si ya bandia. Nikaishika. Nikaisogeza puani, nikanusa pale ambapo shavu lingelala. Ilinuka rangi, na marashi kidogo.

"Unayo inayonuka?" nikamuuliza.

Hakunielewa, na aliponielewa alikasirika. "Mama, huko nje ndiko kunakonuka. Hizi zimeoshwa, zimekaushwa. Zetu hazinuki, naapa!" Akaleta nyingine, na nyingine, nami nikazinusa zote, na watalii wakasimama kunitazama. Nadhani mimi ndiye mnunuzi wa kwanza dukani pale kulalamika hivyo.

Mama Upendo, ambaye nilimweleza mpango wangu tangu kwenye ndege, alinivuta pembeni. "Chukua hii. Ukifika ipake samli, ianike wiki mbili, kata miguu uifanye kamba. Mama Mdogo wako mwenyewe macho hayaoni."

"Pua anayo."

"Basi itie hiyo harufu."

Alisema kwa utani, lakini nilisimama nikafikiri hasa namna ya kuitia. Ingebidi niitumbukize chooni. Ingebidi nilale kifudifudi mdomoni mwa shimo niivue, niipokee kifuani, niioshe siku nne kwa mikono hii. Niliitazama mikono yangu, nimetoka tu kuinawa mara ya tatu. Nikamrudishia mwenye duka ngozi yake, nikamwomba radhi, nikashuka ngazi na kumpigia simu Mama Mdogo.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Bado uko huko kwa Waarabu? Wanakula nini?"

"Mama Mdogo, ile ngozi haipo."

Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu anatwanga.

"Imetumbukia tena?" akauliza. Hakukuwa na hasira kwenye sauti yake, alikuwa anataka kujua tu. "Niambie ni shimo gani. Ile fito ninayo, niliiweka. Nitatafuta mtu wa kunikalia miguu."

Nilikuwa bado nimeshika mnanaa, umeshanyauka kiganjani. Alinisubiri, kama Bibi alivyonisubiri siku ile. Siku ile nilinyoosha kidole, na kidole kilikuwa na shimo la kuonyesha.